Getruda na Simu ya Sukari

Ukishika kidole cha Getruda ukakigeuza kwenye mwanga, huoni ile mistari ambayo kila mtu amezaliwa nayo. Ngozi ni nyororo, nyeusi, inang'aa kama kitako cha sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Utomvu wa maganda ya korosho umeila, ikaota upya, ukaila tena, kwa miaka thelathini na moja. Mimi ndiye ninayemchoma vidole hivyo kila akija kliniki, kwa hiyo navifahamu vizuri. Nachoma mara mbili, mara tatu, ndipo damu inatokeza, naye husema, "Choma tu, Sista, hapo hamna mwenyewe."

Jina langu Winfrida. Ni nesi wa kliniki ya kisukari hapa Nachingwea. Ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, isipokuwa machache aliyonihadithia Getruda mwenyewe siku tuliyokuwa tunasubiri gari la kwenda Ruangwa.

Wazazi wake walikuwa Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji, yeye akiwa bado hajazaliwa. Baba alilima mikorosho ya watu mpaka akapata ya kwake. Mama alifinyanga vyungu. Getruda alipokuwa na miaka kumi na moja, mama yake alianza kunywa maji. Ndivyo anavyolianza jambo hilo kila anapolisimulia: "Mama alianza kunywa maji." Alikunywa mtungi ukaisha, akaomba mwingine. Alikula na huku anakonda. Asubuhi, pale alipokuwa amejisaidia nyuma ya nyumba, sisimizi walikuwa wamejipanga mstari. Watu wazima walisema amerogwa. Getruda mdogo akachuchumaa kuwaangalia wale sisimizi.

"Nilijua kuna kitu, Sista," aliniambia. "Sisimizi hawaendi mahali bure. Lakini ningemuuliza nani?"

Mama alifariki wakati mabibo ya mikorosho yanaanguka, na hakuna aliyejua amekufa kwa nini.

Getruda akakua, akaolewa na Saturnini, mkulima mpole asiyependa maneno mengi, wakapata mtoto wao wa kwanza, Dastani, na wengine wawili. Yeye akashika kazi ya kubangua korosho kwenye banda la akina mama nje kidogo ya mji. Alipofika miaka arobaini na saba, akajikuta anaamka usiku kunywa maji. Hakusubiri wiki iishe. Nakumbuka alivyosimama mlangoni kwangu, amejifunga khanga mbili, akasema bila hata kukaa, "Nimekuja. Nina ugonjwa wa mama." Nikampima. Alikuwa nao.

Tangu siku hiyo anajichoma insulini asubuhi na jioni. Hana friji. Chupa anaifunga kwenye mfuko, anaiweka ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi, na mchanga ule Saturnini anaumwagilia maji kila akitoka shamba. Katika miaka tisa hakuna chupa hata moja iliyoharibika.

Kitu kimoja tu kilimwumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Alikwenda kumwona mdogo wake aliyeolewa kijiji cha Mbekenyera. Aliposhuka kwenye gari, sukari ikashuka naye. Miguu ikalegea, ulimi ukawa mzito, akakaa chini kando ya barabara na kisha akalala palepale. Ilikuwa msimu wa uraka, ile pombe ya mabibo, na watu waliopita walimwona mama mtu mzima amelala vumbini, mate yanamtoka, wakajua wanachokijua. Wakacheka. Mmoja akasema, "Mama wa watu, mchana kweupe!" Alisikia kila neno. Hakuweza kujibu hata moja. Mdogo wake ndiye aliyekuja mbio na maji ya sukari. Habari zikafika Nachingwea kabla yake, na wenzake wa kwaya wakamtazama kwa jicho lingine kwa muda mrefu. Getruda hajawahi kuonja uraka maisha yake yote.

Basi, mwaka juzi, mwezi wa saba, akaja Harithi.

Harithi ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Likunja kule Ruangwa, aliyesomea mambo ya kompyuta na kufanya kazi Dar es Salaam. Baba yake alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Yeye na wenzake watatu walikuwa wametengeneza programu ya simu ya kumsaidia mgonjwa kufuatilia sukari: unapima, unaingiza namba, simu inakutunzia, inakuonyesha unaendaje. Alitaka kuijaribisha kwa watu watakaoitumia kweli, kabla ya kuisambaza. Akaniomba nimtafutie wagonjwa wanane. Wa kwanza niliyemfikiria alikuwa Getruda, na wa kwanza kukataa alikuwa yeye.

"Mimi nina simu ya kitochi, baba," alimwambia Harithi. "Hizo za kupangusa siziwezi. Nitakuharibia."

"Shikamoo kwanza, mama," Harithi akasema.

"Marahaba."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Leo hapa hapimwi mtu, inapimwa simu. Ukishindwa kitu, ujue simu ndiyo imeshindwa. Mimi nitaandika kosa la simu, lako sitaliandika kwa sababu halipo."

Getruda akakubali. Baadaye aliniambia lililokuwa moyoni mwake. "Sista, tangu nizaliwe napimwa. Korosho zangu wanapima, uzito wangu wanapima, damu, mkojo, presha. Siku ile mtu mzima na elimu yake ananiambia eti mimi ndiye mpimaji. Nikasikia mwili umenisisimka."

Wakaketi kwenye chumba changu cha kliniki, meza katikati. Mimi nilikuwa pembeni najaza madaftari ya wagonjwa, maana foleni nje ilikuwa ndefu. Harithi akampa sharti moja.

"Kila kinachokupitia kichwani, kiseme kwa sauti. Ukiona kitu hukielewi, sema. Ukikasirika, sema. Hata ukitaka kutukana."

"Mimi situkani."

"Basi lalamika tu, mama."

Getruda akacheka kidogo, akaishika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kifaranga.

Kitu cha kwanza simu ilichotaka ni alama ya kidole, ili mtu mwingine asiingie kwenye mambo yake. Akaweka kidole gumba. Simu ikasema haikitambui, ajaribu tena. Akaweka cha shahada. Haikitambui. Akaweka vyote kumi, kimoja kimoja, kwa utaratibu uleule anaopanga korosho.

"Naona inanikataa," akasema kwa sauti, kama alivyoagizwa. "Ina haki. Hata mimi nikiviangalia sivijui."

Harithi akakishika kile kidole, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nilimwona uso ukimbadilika. Akaandika. Akaiondoa ile hatua ya kidole, akamwambia aendelee kwa kubonyeza. Nako kukawa na taabu. Ngozi ya ncha za vidole ilikuwa imekauka na kukaza mno. Alibonyeza, simu ikanyamaza. Akabonyeza tena.

"Nagonga, hakuna anayefungua," akasema. "Au simu haiamini kwamba mimi ni mtu?"

Kisha akafanya jambo ambalo Harithi hakumfundisha. Akakunja kidole, akagusa kioo kwa kifundo, pale katikati ambapo utomvu haufiki. Simu ikafunguka. Akagusa tena kwa kifundo, ukurasa ukageuka. Akaniangalia macho yamemtoka.

"Sista, imenisikia!"

Harithi alikuwa ameacha kuandika. Alisema kwa sauti ndogo, "Tulikaa miezi minne tunapanga vitufe. Hakuna aliyewahi kufikiria kifundo."

Wakafika kwenye kazi yenyewe: kupima sukari na kuingiza namba. Nikamchoma, damu ikatoka kwa mchomo wa tatu, kipimo kikasoma mbili nukta tisa. Nisikilize hapa, maana hili ni langu na silifichi. Namba ile niliisoma kwa sauti ili aiingize, na wakati huohuo mlangoni kuna mgonjwa ananiita, na kichwani nina madaftari kumi na sita. Getruda akaingiza mbili, nukta, tisa, kwa kifundo, polepole. Kioo kizima kikawa kijani. Ukatokea uso wa duara unaocheka na neno HONGERA kwa herufi kubwa. Niliiona ile kijani kwa pembe ya jicho. Na mimi, nesi wa miaka kumi na tisa, ninayejua kwamba chini ya nne ni hatari, niliyeitamka namba ile kwa mdomo wangu, nikaona kijani, moyo ukatulia, nikaendelea kuandika.

Getruda yeye aliendelea kusema. Alikuwa ameambiwa aseme.

"Naona kijani," akasema. "Naona uso unacheka. Unanipongeza. Mimi nasikia jasho mgongoni. Mikono inatetemeka. Uso unacheka tu. Simu inasema mimi mzima, mwili unasema naanguka." Maneno yakaanza kuvutana. "Sijui... nimsikilize... nani. Natafuta pa kugonga... niseme... sipaoni."

Ile sauti ndiyo iliyonifanya niinue kichwa. Naijua. Niliruka, nikakoroga sukari vijiko vitatu kwenye kikombe cha maji, nikamshika kidevu, nikamnywesha taratibu. Alikuwa bado anaweza kumeza. Harithi alisimama ukutani, simu mkononi, ile kijani bado inawaka na uso bado unacheka, naye hana hata tone la damu usoni.

Baada ya robo saa nikampima tena. Nne nukta sita. Akaomba kikapu chake, akatoa kipande cha muhogo wa kuchemsha aliokuja nao. Alijichoma insulini alfajiri kama kawaida, akaona akiondoka bila kula atawahi foleni, akasema atakula akishapimwa. Foleni ikamchelewesha. Akautafuna ule muhogo, na sisi wawili tukimtazama kama watu waliotazama mtu akitolewa kisimani.

"Mama, nisamehe," Harithi akasema. "Onyo lipo. Lipo hapa." Akamwonyesha. Chini kabisa ya ule uso, kulikuwa na mstari wa maandishi madogo: sukari iko chini ya kiwango. "Kila kilicho chini ya saba tulikiita kizuri. Tuliogopa sukari inayopanda. Baba yangu... yeye ilipanda."

"Kila mtu anaogopa kilichomla wa kwake," Getruda akamjibu. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonishangaza. Akamwambia, "Usiniombe radhi. Si umeniita niitafutie makosa? Andika."

Harithi akakaa, akashika kalamu.

Ndipo akamsimulia habari ya Mbekenyera. Vumbi, kicheko, maneno aliyoyasikia bila kuweza kuyajibu. Alisimulia akiangalia dirishani. Alipomaliza akasema, "Ikishuka, rangi iwe nyingine kabisa, isifanane na ya kupanda wala ya uzima. Na usiandike. Nani atasoma macho yakiwa yanaona mawimbi? Weka kitufe kikubwa nitakachogonga hata kwa kiwiko. Nikikigonga, simu iseme. Iseme kwa nguvu. Lakini isiseme na mimi, mimi nitakuwa nimeshajua. Iseme na watu waliosimama. Iwaambie huyu hajalewa."

Kalamu ya Harithi ilisimama. Halafu akauliza, "Unataka iseme kwa sauti gani, mama? Ya mwanamume au ya mwanamke?"

"Ya mtu aliyewahi kulala chini," akasema.

Kwa hiyo ikawa yake. Jumanne iliyofuata, kliniki ilipoisha, tuliingia kwenye stoo ya mablanketi kwa sababu ndiyo isiyo na mwangwi, Harithi akaweka simu juu ya boksi, na Getruda akasimama wima kama anavyosimama kwaya. Maneno aliyapanga mwenyewe: "Jamani, sijalewa. Nina kisukari, sukari imeshuka. Nipeni soda au maji ya sukari. Msiniache peke yangu." Mimi nikaongeza moja la kitaalamu, kwamba kama siwezi kumeza msinilazimishe, nipelekeni hospitali haraka. Akayasema yote kwa Kiswahili, akarudia kwa Kimakonde. Ya Kimwera ikasemwa na mama mwingine wa foleni. Harithi alipomchezea sauti yake, Getruda alifunika mdomo kwa khanga.

"Kumbe ndivyo ninavyosikika," akasema. "Kama mama."

Wakati programu inatengenezwa upya Dar es Salaam, Harithi alimwachia simu moja na kipimo cha sukari avitumie nyumbani. Alipima asubuhi na jioni, akaingiza kwa kifundo. Ilipokuwa imetimia wiki ya sita Harithi akarudi, na safari hii tulikwenda nyumbani kwa Getruda, tukakaa kwenye mkeka barazani, Saturnini naye akaacha jembe akaja.

"Sasa nataka kuona kama picha hii inaeleweka," Harithi akasema. Akagusa mahali, akampa simu. "Niambie unaona nini. Kwa sauti."

Ulikuwa mstari mmoja, umetoka kushoto kwenda kulia, unapanda na kushuka. Kila nukta ni wastani wa siku moja. Getruda aliutazama.

"Naona vilima," akasema. "Hivi ni vilima. Hapa kuna bonde." Akaisogeza simu karibu. "Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiyo wewe, mama. Damu yako ya wiki sita."

Akafuata mstari kwa kifundo, hatua kwa hatua. "Hizi fupifupi ni siku za banda. Nikibangua kutwa inatulia. Hii, hii ni ile sikukuu, nilikula pilau." Saturnini akacheka. Kisha kifundo kikafika mahali ambapo mstari ulipanda ghafla, ukakaa juu siku nne, ukateremka polepole. Getruda akahesabu kwa midomo, akarudi nyuma, akahesabu tena.

"Saturnini," akasema, "hii ni lini?"

Mumewe akainama. "Hiyo ni ile wiki tulipoambiwa Dastani amepata ajali ya pikipiki, tukakaa siku nne bila habari zake mpaka alipopiga simu."

"Sikula kitu siku zile."

"Hukula."

"Sasa mbona imepanda?"

Ikabidi nieleze mimi, kwamba hofu na mshtuko nao hupandisha sukari, hata tumbo likiwa tupu, kwa sababu mwili unajiandaa kama unaokimbia hatari. Nilieleza kama ninavyoeleza siku zote kliniki, kwa maneno yaleyale. Lakini Getruda alinisikiliza kama mtu anayesomewa barua kutoka mbali sana.

"Kwa hiyo damu ilijua," akasema. "Mimi nilikaa hapa nimejikaza, nawaambia watu niko salama. Damu ikaandika ukweli."

Upepo ulipeperusha maganda ya karanga yaliyokuwa uani. Saturnini, yule asiyependa maneno, akanyoosha kidole chake kigumu cha mkulima, akaigusa ile sehemu ya juu ya kilima bila kubonyeza, kama mtu anavyogusa paji la uso la mgonjwa.

Ndipo machozi yakamtoka Getruda. Hakulia kwa sauti. "Mama naye alikuwa na vilima vyake," akasema. "Alipanda akafika juu kabisa, akaangukia huko, na sisi tulikuwa tumekaa naye nyumba moja, hatukuona kitu isipokuwa sisimizi."

Harithi hakuandika neno hilo. Alifunga daftari, akatazama chini. Baada ya hapo alinisaidia kubeba vitu mpaka barabarani, na tulipoagana aliniambia, "Sista, nilikuja kuuliza kama rangi ya mstari inaonekana vizuri juani."

Mwezi wa kumi na moja jaribio likahamia Ruangwa, na Harithi akaomba mimi na Getruda twende. Zahanati ilikuwa ya kata ya Nandagala. Walikuja watu kumi, wengi wao wakulima wa ufuta na mahindi, wamekuja kwa bodaboda. Getruda hakuambiwa afundishe. Aliambiwa akae tu, na mtu akikwama aangalie amekwama wapi. Akakaa kwenye benchi, mikono mapajani, akasikiliza wenzake wakifikiri kwa sauti. Mama mmoja, Sofia, akasema, "Hapa wananiuliza nimekula nini, wameweka mkate na tambi. Ugali wa muhogo uko wapi?" Harithi akaandika. Mwingine akauliza mbona simu haijui mwezi wa Ramadhani, inamgombeza kwa nini hajapima mchana baada ya kula. Harithi akaandika. Getruda alinigusa kiwiko. "Anaandika yote," akanong'ona. "Kila mtu anaandikwa."

Zamu ya saba ilikuwa ya Rahimu, dereva wa bodaboda, mtu wa miaka arobaini hivi, mcha Mungu, anayejichoma insulini kama Getruda. Alipofika kwenye kile kitufe kikubwa akakigonga. Sauti ya Getruda ikajaa chumba: "Jamani, sijalewa!" Rahimu akaruka, watu wakacheka, kisha wakanyamaza ghafla maana sauti iliendelea, na iliyokuwa ikisema nipeni, msiniache, haikuwa sauti ya kuchekea. Wakamgeukia Getruda. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni wewe, mama?" Rahimu akauliza.

"Ni mimi, baba."

"Mimi pombe sijawahi kuigusa."

"Najua. Ndiyo maana itakubidi useme."

Hatukujua kwamba ingetokea mapema hivyo. Kabla mwezi haujaisha, Rahimu alimpeleka abiria kwenye mkutano wa hadhara, akakaa juani muda mrefu bila kula, akahisi dalili. Aliwahi kutoa simu aliyoachiwa na Harithi, akagonga kwa kiganja, akairudisha mfuko wa shati, akaanguka kando ya pikipiki yake. Watu waliokuwa karibu walisikia mwanamke anaongea kifuani mwa mwanamume. Mmoja alikimbia kabisa. Lakini muuza soda aliyekuwa pale alisikiliza mpaka mwisho, na sauti ikaanza upya, akasikiliza tena, akafungua chupa, akamnyanyua Rahimu kichwa, akamnywesha kidogokidogo. Dakika ishirini baadaye alikuwa ameketi anauliza pikipiki yake iko wapi.

Alinipigia yeye mwenyewe siku ya pili, akaomba azungumze na yule mama. Ilikuwa Jumatano, Getruda yuko kazini, nikaenda mpaka banda la kubangulia. Akina mama wote wakaacha vigongo. Getruda akaipokea simu yangu kwa mikono miwili, utomvu mweusi kwenye ncha za vidole, akasikiliza. Hakusema zaidi ya "Ehe" na "Mungu mkubwa." Alipomaliza alinirudishia simu, akakaa juu ya gunia.

"Jana saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa tano asubuhi, anasema."

"Saa tano nilikuwa hapa. Nimekaa palepale, naongea na Magreti." Akamwonyesha mwenzake. "Nilikuwa hapa nabangua, na nikawa kule namwombea mtu soda?"

Magreti, mwenzake wa miaka yote, alijishika shavu. Getruda akatazama mikono yake, akaifuta kwa majivu ya kukaushia utomvu, akatazama tena. Siku hiyo hakubangua zaidi. Alikwenda nyumbani mapema na, kwa alivyoniambia Saturnini, alikaa shambani chini ya mikorosho kutwa bila kufanya kazi yoyote, kitu ambacho mumewe hakuwahi kukiona.

Jumanne ya kliniki alikuja na ombi moja.

"Sista, nataka kuiona. Sukari yenyewe. Nimeona namba, nimeona vilima. Yenyewe sijaiona."

Nikamwambia haionekani, imeyeyuka, lakini kama anataka kuona damu naweza kumwombea maabara. Kaimu, mtu wetu wa maabara, si mtu wa kupenda wageni kwenye hadubini yake, lakini alimfahamu Getruda kama wanavyomfahamu wote sasa. Akamchoma, akatandaza tone kwenye kioo, akaliandaa, akarekebisha lenzi, akampisha kiti.

Getruda akafumba jicho moja, akainama. Muda mrefu hakusema kitu, nami nikamkumbusha kwa utani, "Kwa sauti, Mama Dastani."

"Naona duara," akasema taratibu. "Duara ndogondogo. Zimejaa mpaka pembeni. Zinafanana zote. Sukari iko wapi?"

"Iko katikati yao, huwezi kuiona," Kaimu akasema.

"Hata kwa mashine hii?"

"Hata kwa hii."

Akaendelea kuangalia. "Na hili ni tone moja tu?"

"Chini ya tone."

"Na zote hizi ni mimi?"

"Zote ni wewe."

Foleni ya malaria ilikuwa imefika mlangoni, na Kaimu akanitazama akitaka kiti chake. Nikamfanyia ishara asubiri. Getruda alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vidole vyake vyeusi visivyo na mistari, midomo inacheza, anajaribu kuzihesabu.